Braveheart na Khiana ya Falkirk

Filamu ya Braveheart, ambayo Mel Gibson aliiongoza na kuicheza mwenyewe mwaka 1995, ingali ikizunguka Unguja na Pemba kuliko filamu nyingi za vita zilizotoka baada yake. Katika maduka ya Darajani ambako vijana hupeleka flashi zao kujaziwa filamu, ukiulizia ya vita vya zamani, ya mapanga na farasi, hii huwa miongoni mwa za mwanzo kutajwa, na hupatikana kwa namna mbili: ya asili yenye sauti ya Kiingereza, na ile iliyotiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili. Nimeitazama kwa namna zote mbili. Tathmini hii itakaa zaidi kwenye tukio moja, nalo ni la khiana katika vita vya Falkirk, kwa sababu hapo ndipo filamu ilipofika kilele cha ustadi wake, na hapo hapo ndipo ilipoidhulumu historia kuliko mahali pengine popote.

Kwa asiyeijua, kisa ni cha William Wallace, Mskoti aliyesimama dhidi ya Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 13. Filamu inakaribia saa tatu na ilipata tuzo tano za Oscar, zikiwemo za filamu bora na mwongozaji bora. Mwandishi wa mswada, Randall Wallace, hakujifunga na hati za wakati ule. Aliegemea utenzi mrefu wa mshairi anayejulikana kwa jina la Blind Harry, uliotungwa katika miaka ya 1470, yaani zaidi ya miaka 160 baada ya Wallace kuuawa. Sisi tuliolelewa na tenzi tunajua kwamba utenzi una ruhusa zake: hukuza, hupamba, na humtia shujaa kinywani maneno ambayo hakuyatamka. Taabu huanza pale utenzi unapovikwa matope na damu na nyuso za watu, mtazamaji akasahau kuwa anaimbiwa.

Tukio lenyewe liko hivi. Mambo yameshawaharibikia Waskoti. Makabaila wawili, Mornay na Lochlan, waliotegemewa kuingia na askari wa farasi, wameshanunuliwa na mfalme, na wanageuza farasi zao na kuondoka bila kuchomoa upanga, huku Wallace akiwapungia ishara ambayo hawaijibu. Baadaye anamwona Edward akitoka uwanjani na walinzi wake. Ana mshale mwilini, lakini anapanda farasi na kumfukuza. Mlinzi mmoja, uso wote umefunikwa kwa kofia ya chuma, anarudi nyuma na kumwangusha. Wallace analala kimya kama maiti. Yule mlinzi anashuka, anamsogelea, na hapo Wallace anamrukia, anambwaga chini, anamwekea kisu na kuivua ile kofia. Uso uliomo ndani ni wa Robert Bruce, kabaila ambaye filamu nzima tangu mwanzo imekuwa ikitwambia kwamba ndiye atakayeungana naye kuikomboa nchi.

Kinachofuata ndicho kilichoifanya filamu hii ikae katika kumbukumbu za watu kwa miaka 30. Gibson, ambaye kwa saa mbili amekuwa akipiga kelele, akihutubia na kupasua vichwa, hafanyi kitu. Hampigi. Hamtukani. Anamtazama, nguvu zinamtoka mwilini polepole, kisha anajilaza kwenye majani kama mtu aliyeamua kuwa hapo panatosha kufia. Askari wa adui wanakaribia naye hajali. Bruce mwenyewe ndiye anayembembeleza ainuke akimbie. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa ndani ya kofia ya chuma.

Mchezaji wa kupongezwa zaidi katika tukio hili ni Angus Macfadyen, aliyeigiza nafasi ya Bruce. Filamu nyingi za aina hii humfanya msaliti kuwa mtu mwenye jicho la hila tangu anapoingia, hata mtazamaji anajiuliza shujaa aliwezaje kumwamini. Macfadyen anacheza kinyume cha hivyo: kofia inapotoka, uso wake ni wa mtu aliyefumaniwa na nafsi yake, na aibu yake inatangulia hasira ya Wallace. Baada ya vita anaonekana akitembea peke yake katikati ya maiti, wanawake wakitafuta waume zao na watoto wakitafuta baba zao. Kisha anakwenda kwa baba yake, mzee aliyeharibiwa na ukoma, aliyechezwa na Ian Bannen, na kumwambia kwamba hataki tena kuwa upande usio wa haki. Ni nadra filamu ya vita kumpa mkhini nafasi sawa na mkhiniwa.

Kinyume chake ni kisasi kinachofuata. Wallace anaingia na farasi hadi chumbani kwa Mornay usiku, anampasua kichwa kwa rungu la mnyororo kitandani, kisha anaruka na farasi dirishani hadi majini. Katika mabanda ya video watu hushangilia hapo kuliko popote, nami sina ugomvi nao, lakini baada ya unyamavu wa Falkirk kitendo kile ni cha katuni.

Neno moja juu ya nakala yenye sauti ya Kiswahili. Msimulizi wa nakala niliyoipata ana kipaji cha kuchekesha, na katika matukio ya sokoni na harusini anaongeza ladha. Ila pale Falkirk anaharibu kila kitu: kabla kofia haijavuliwa ameshatangaza kwa sauti kubwa kuwa huyo ni Bruce, amewauza wenzake, na Wallace anapolala kwenye majani, yeye anaendelea kumtukana Bruce bila kupumua. Tukio lililojengwa juu ya ukimya halivumilii mdomo wa mtu wa tatu. Mwenye kutaka kuliona kama lilivyokusudiwa aombe ya asili, hata kama Kiingereza chake si cha kutosha, kwa kuwa nyuso zinajitosheleza.

Sasa historia. Makosa ya mavazi na mapambo yanafahamika na yamesemwa sana, nitayapita upesi. Waskoti wa Braveheart wamefungwa vitambaa vya mirabaraba kiunoni, vazi ambalo halikuwako kwa sura ile mpaka karne ya 16. Wamejipaka rangi ya buluu usoni, desturi iliyonasibishwa na watu wa kale wa kisiwa kile, zaidi ya miaka elfu moja nyuma yao. Ile haki ya bwana mkubwa kulala na bibi harusi usiku wa kwanza, ambayo ndiyo inayowasha moto wa kisa kizima, haina ushahidi wowote kwamba Edward aliiweka Uskoti. Hata mwaka wa kuanzia ni mbovu: filamu inafungua kwa 1280 na mfalme wa Uskoti kafa, ilhali mfalme huyo, Alexander wa Tatu, alikuwa hai na kwenye kiti chake hadi Machi 1286, na Edward hakuivamia nchi mpaka 1296. Na Isabella wa Ufaransa, ambaye katika filamu ni mke wa mwana wa Edward, aliyechezwa na Sophie Marceau, ambaye anapenda na kulala na Wallace na kudokeza kwamba atamzalia mrithi wa kiti cha Uingereza, alikuwa mtoto wa miaka mitatu hivi wakati wa Falkirk. Aliolewa 1308 na kumzaa Edward wa Tatu mwaka 1312, wakati Wallace ameshakuwa kaburini miaka saba, kama alikuwa na kaburi, maana mwili wake ulikatwa vipande vipande na kusambazwa mijini.

La daraja linastahili kusimamiwa kidogo. Vita vya Stirling, tarehe 11 Septemba 1297, Waskoti walivishinda kwa sababu ya daraja jembamba la mbao. Walisubiri mlimani mpaka sehemu ya jeshi la Kiingereza ilipokwisha kuvuka, wakashuka na kuikata kwenye kichwa cha daraja, wengine wakabaki ng'ambo wakitazama wenzao wakiuawa na kuzama. Aliyeongoza pamoja na Wallace siku ile ni Andrew Moray, ambaye alijeruhiwa na kufariki baadaye. Filamu imeliondoa daraja, imemwondoa na Moray, na badala yake imeweka uwanja wa majani, hotuba juu ya farasi na miti mirefu iliyochongwa inayoinuliwa kwa pamoja farasi wakishafika. Inapendeza machoni, lakini ujanja halisi ulikuwa mzuri zaidi, na pia ungemwonesha mtazamaji jinsi wanyonge walivyoweza kumshinda mwenye farasi na deraya.

Haya yote mimi nayasamehe. Mwenye kutengeneza filamu anavalisha watu wake kwa namna ambayo macho ya leo yatawatambua, na nguo hazimvunjii mtu heshima. Falkirk ni jambo jingine, kwa kuwa pale amechukuliwa mtu aliyeishi kweli, mwenye jina na kaburi, akabandikwa dhambi kubwa kuliko zote katika sheria za wapiganaji, bila ya ushahidi.

Vita vile vilipiganwa tarehe 22 Julai 1298, na Edward aliviongoza mwenyewe. Wallace aliwapanga watu wake katika maduara manne makubwa ya mikuki mirefu, ncha zikitazama nje, na farasi wa Kiingereza hawakuweza kuyavunja. Askari wa farasi wa Kiskoti, waliokuwa wachache, waliondoka uwanjani mapema. Ikiwa ni kwa hofu au kwa khiana, wanahistoria wamebishana. Baada ya hapo maduara yale, yasiyoweza kusogea wala kukimbia, yakawa shabaha ya wapiga upinde, na pale yalipoanza kutoboka farasi wakaingia. Kwa hiyo Mornay na Lochlan, ambao ni watu wa kubuniwa, wamesimama juu ya punje ya kweli. Bruce hakusimama juu ya kitu. Hakuna hati ya wakati ule inayomweka katika jeshi la Edward siku hiyo. Habari hiyo inatoka kwa waandishi wa baadaye, na Blind Harry ndiye aliyeipamba kwa kuwakutanisha Bruce na Wallace baada ya vita, mtu huyu upande huu wa mto Carron na yule upande wa pili. Linalojulikana ni kwamba mwaka huo huo, Wallace alipoacha cheo cha usimamizi wa ufalme, Waskoti walimchagua Bruce pamoja na John Comyn kukishika. Ni vigumu kuamini kwamba wangempa nchi aitunze mtu ambaye miezi michache nyuma alikuwa akiwakanyaga kwa farasi wa mfalme.

Na jambo linalonikera zaidi ni kwamba khiana ya kweli ilikuwapo, tena ya kutosha filamu mbili. Ukoo wa Bruce ulikuwa na ardhi Uskoti na ardhi Uingereza. Mwaka 1302 Bruce alijisalimisha kwa Edward kwa hiari yake, na kwa miaka iliyofuata akawa mtu wa mfalme wakati Wallace akiwindwa. Hapakuwa na kofia ya kuvuliwa wala uso wa kushtukia. Palikuwa na hesabu ya mtu mwenye mali pande mbili, anayepima upepo msimu kwa msimu. Khiana ya namna hiyo haina dakika moja ya kuipigia picha, na pengine ndiyo sababu mwongozaji aliikimbia. Lakini ndiyo iliyokuwa ya kawaida baina ya makabaila wote wa wakati ule, waliokula viapo kwa mfalme huyu na yule kadiri mambo yalivyogeuka, na bila ya kuielewa huwezi kumwelewa hata Wallace, aliyekuwa wa ajabu machoni mwa wenzake kwa sababu hakugeuka.

Vivyo hivyo kukamatwa kwake. Katika filamu, Wallace anaitwa Edinburgh kwa ahadi ya kukutana na Bruce, anavamiwa na makabaila, na mpangaji wa njama ni yule baba mwenye ukoma. Kwa hakika baba yake Bruce alifariki mwaka 1304, na Wallace alikamatwa karibu na Glasgow mwezi Agosti 1305, kupitia mkono wa John de Menteith, mpiganaji wa Kiskoti aliyekuwa akishikilia ngome ya Dumbarton kwa niaba ya Edward. Tarehe 23 Agosti akauawa Smithfield, London. Menteith ndiye ambaye Waskoti wamemwita msaliti vizazi kwa vizazi, na katika Braveheart hatajwi kabisa. Mwenye kosa katolewa uwanjani, akatiwa maiti mahali pake. Edward naye, anayekata roho kwenye filamu pamoja na Wallace, alifariki Julai 1307.

Mtu anaweza kuuliza Bruce kapungukiwa nini, ikiwa mwisho wa filamu anaonekana Bannockburn mwaka 1314 akiwaongoza Waskoti kwenye ushindi. Kapungukiwa na jina lake. Filamu hii haikubaki sinema. Tarehe 11 Septemba 1997, siku ilipotimia miaka 700 ya vita vya daraja la Stirling, Waskoti walipiga kura ya kuwa na bunge lao, na mwaka huo huo karibu na mnara wa Wallace mjini Stirling ikawekwa sanamu ya shujaa huyo yenye sura ya Mel Gibson. Picha ikishapata nguvu ya kumpa mtu wa karne ya 13 uso wa mcheza sinema, basi ina nguvu pia ya kumpa mwenzake sifa ya umunafiki. Tena lile jina lenyewe la Braveheart, yaani moyo wa kishujaa, kwa mapokeo ya Kiskoti ni la Bruce, ambaye alipofariki moyo wake ulitolewa na kubebwa na James Douglas hadi vitani Uhispania mwaka 1330. Kanyang'anywa hata hilo.

Visiwani tunayo khiana ya nyumba moja ambayo haikuhitaji kubuniwa. Mwaka 1859 Sayyid Barghash alipomwinukia ndugu yake, Sayyid Majid, sultani wa Unguja, dada yao Salme, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia upande wa uasi na kuwaandikia barua waasi, ingawa Majid ndiye aliyekuwa akimpenda na kumtunza. Askari walipoizingira nyumba, Barghash alitolewa nje akiwa amefunikwa nguo za kike, akapita mbele yao. Uasi ulivunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Majid hakumwadhibu dada yake. Salme ameyaeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, na kinachomkaa msomaji ni ule wema wa Majid baada ya yote, ambao mkhini hana pa kuuweka. Mtunzi wa Braveheart angelikuwa na subira, angeupata uchungu wa namna hiyo katika miaka ya Bruce ya 1302 hadi 1306, bila ya kumsingizia mtu.

Kwa mwenye kutaka kulinganisha, iko filamu ya Outlaw King ya mwaka 2018, iliyoongozwa na David Mackenzie, Chris Pine akiwa Bruce. Hiyo inaanza mwaka 1304, makabaila wakiwa wamepiga magoti mbele ya Edward, na inamwonesha Bruce akimuua Comyn ndani ya kanisa la Dumfries, tukio la kweli la Februari 1306. Mavazi ni ya wakati wake na matope ni ya kutosha. Hata hivyo nayo ina chumvi yake: inamzika Edward kabla ya vita vya Loudoun Hill, ilhali vita vilikuwa Mei 1307 naye alifariki Julai, na inamweka mwanawe uwanjani ambako hakuwapo. Ni filamu ya kuheshimika, lakini sikumbuki ndani yake uso hata mmoja ulionikaa kama ule wa Macfadyen, na Chris Pine anayabeba mauaji ya Comyn kana kwamba ni shauri la ofisini. Kwa kujifunza, anza na hiyo. Kwa sinema, Braveheart bado iko mbele, na nasema hivi nikiwa nimeudhika nayo.

Mwisho ni ya nyumbani. Si filamu ya kukaa nayo sebuleni na watoto na wazee: ina tukio la utupu baada ya ndoa ya siri ya Wallace, ina mwanamke anayechinjwa hadharani, na dakika za mwisho ni za mateso ya muda mrefu. Na ukienda kujaziwa, hakikisha umepewa urefu wote wa saa tatu kasoro kidogo. Nakala niliyoikuta kwenye flashi moja ilikuwa imepunguzwa ili iingie mahali padogo, na kilichokatwa ni pale Bruce anapotembea kati ya maiti na mazungumzo yake na baba yake, kwa hiyo anavuliwa kofia, kisha anatoweka mpaka karibu na mwisho. Hiyo irudishe, ujaziwe nyingine.